"...And Justice for All": nimelipa tena, na besi bado haipo

Naanza na kilichoniudhi. Sifa zitafuata kama hasira itaniruhusu. Metallica, bendi ya metali ya Marekani, walitoa "...And Justice for All" mwaka 1988, na tangu wakati huo mpaka leo albamu hii haina besi. Sisemi besi ni ndogo, wala sisemi ukitafuta spika kubwa utaipata. Haipo. Kuna mtu alichukuliwa apige gitaa la besi, akalipiga, jina lake likaandikwa kwenye jalada, halafu unakaa na albamu nzima, zaidi ya saa moja, na huwezi kunyoosha kidole ukasema: hapo, huyo ndiye yeye.

Niliijua kwanza kwa kaseti iliyorekodiwa kutoka kaseti nyingine, na enzi zile hakuna aliyeshangaa. Kaseti zetu zilikuwa zimechoka, redio ilikuwa na spika moja nzima na nyingine inayokoroma, tukasema ndiyo maana. Miaka ikapita. Hivi karibuni nikaona santuri mpya, ile remasta iliyotoka 2018 albamu ilipotimiza miaka 30, nikasema sasa nitaisikia kama walivyoipiga.

Nilimuuliza mwenye duka, hapa hapa Nairobi, swali moja tu: besi imerudi? Akaniambia kwa kinywa chake, "Boss, hii wameitengeneza upya yote. Besi utaisikia mpaka kwa jirani." Bei yake ilikuwa ya kumliza mtu. Nikatoa. Nyumbani nikaiweka: besi haipo.

Niliporudi dukani hakuinua hata macho kutoka kwenye simu. "Shida ni spika zako." Basi, nikamwomba aiweke kwenye mashine yake mwenyewe, maana ana spika zinazonifika kiunoni. Akaiweka shingo upande. "Blackened" ikaanza, gitaa zikapanda polepole kama zinavyopanda siku zote, ngoma zikaangukia mahali pake. Nikamwambia haya, nionyeshe besi. Akasikiliza kidogo, akainua sindano, akaitoa santuri ameishika katikati ya mistari, vidole vyote juu, akanisukumia ikiwa nje ya mfuko wake. "Boss, haya ni makelele tu. Wewe unatafuta besi ndani ya makelele?" Kisha akanionyesha karatasi iliyobandikwa ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi.

Aibu ni yake. Pesa alipoipokea haikuwa pesa ya makelele, ilikuwa pesa ya albamu nzuri iliyorekebishwa. Na zile alama za vidole sijafanikiwa kuzitoa zote.

Lakini hata angekuwa muungwana, jibu lisingebadilika, na hili wauzaji wanalijua vizuri. Remasta si kuchanganya sauti upya. Wanaofanya remasta wanachukua kanda ya mwisho, ambayo gitaa, ngoma na sauti ya mwimbaji vimekwisha kuunganishwa, wanaing'arisha na kuiongezea nguvu. Ukipiga pasi shati ambalo fundi hakulitia mfuko, mfuko hautatokea. Ili besi irudi lazima bendi ifungue zile kanda za mwanzo, kila chombo peke yake, ichanganye tena. Wamekataa. James Hetfield, mwimbaji na mpiga gitaa wao, amesema zaidi ya mara moja kwamba lililofanyika limefanyika, ya nini kulibadilisha.

Ya nini? Nitasema ya nini.

Septemba 1986 basi la bendi lilipinduka nchini Sweden, na Cliff Burton akafa akiwa na miaka 24. Cliff hakuwa mpiga besi wa kujificha nyuma ya wenzake. Sikiliza "Anesthesia (Pulling Teeth)" kwenye albamu yao ya kwanza: ni yeye na besi yake iliyochafuliwa makusudi, kisha ngoma zinaingia, basi, na hutamani gitaa. Sikiliza "Orion". Wiki chache baada ya mazishi wakamchukua Jason Newsted ashike besi, kutoka bendi ya Flotsam and Jetsam, kijana aliyekuwa anawaabudu. Wakaanza kumtesa. Yamesemwa hadharani na wenyewe: walikula na kunywa hotelini bili ikaenda chumbani kwake, walimcheka mbele za watu, hawakumpa nafasi ya kuwa ndugu. Walikuwa na msiba hawajui waupeleke wapi, wakamshushia yeye.

Kisha wakaingia studio Los Angeles na Flemming Rasmussen, yule Mdenmark aliyerekodi "Master of Puppets". Newsted alirekodi besi yake akiwa na msaidizi wa studio tu, wakubwa hawapo. Rasmussen, ambaye hakuwapo wakati wa kuchanganya sauti, amesema tangu hapo kwamba besi ile ilikuwa safi kabisa. Waliochanganya ni Steve Thompson na Michael Barbiero, na Thompson ameeleza miaka mingi baadaye kwamba Lars Ulrich, mpiga ngoma wao, alimwagiza ashushe besi mpaka isikike kwa shida. Alipofanya hivyo, akaambiwa ishushe tena.

Ishushe tena! Mimi sentensi hiyo ndiyo inayonikosesha amani kila nikiiweka albamu hii.

Hetfield ana maelezo yake. Wakati ule walikuwa kwenye ziara ya Monsters of Rock pamoja na bendi ya Van Halen, wanapiga jukwaani, wanaruka kwenda kusikiliza mikisi, yaani sauti zilizochanganywa, wanarudi jukwaani, masikio yamekwisha. Na gitaa zake zilikuwa zimejaa sauti ya chini, zimekaa palepale ambapo besi inapaswa kukaa, huku Newsted akifuata mistari ya gitaa noti kwa noti. Nayakubali hayo. Yanaeleza kwa nini besi ingekuwa ndogo. Hayaelezi kwa nini isiwepo.

Na mahali panapouma kuliko pote ni "To Live Is to Die". Huu ni wimbo wa karibu dakika kumi, wa vyombo vitupu isipokuwa maneno machache yanayotamkwa karibu na mwisho, na umejengwa kwa vipande vya muziki alivyoacha Cliff. Unaanza na gitaa la akustika, taratibu, halafu mzigo wote unakuangukia. Ni mazishi. Wanaume wanne hawa hawakujua kulia kwa njia nyingine. Na kwenye mazishi ya mpiga besi, besi wameinyamazisha! Nimekaa sakafuni sikio karibu na spika nikimtafuta Newsted humo ndani, anayepiga nyimbo za marehemu kwa niaba ya marehemu, nikapata mtetemo kidogo chini ya gitaa ambao siwezi kuapa ni wake.

Nilikusudia kuipa nyota mbili. Niliziandika kabisa.

Tatizo ni kwamba nilipofika hapo niliiacha santuri iendelee, ikafika "Dyers Eve", na mwili ukakataa kukaa. Sijui wimbo wa metali wenye hasira ya kweli kuliko huo: mtoto anawasomea wazazi wake mashtaka, Lars anapiga ngoma za miguu kwa kasi ambayo hakuwahi kuifikia kabla ya hapo, hakuna anayepumua. Nikarudi upande wa "One". Askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia, amepoteza mikono, miguu, macho, masikio, ulimi, na akili iko macho ndani ya kiwiliwili. Hadithi wameitoa kwenye "Johnny Got His Gun", riwaya iliyofanywa filamu, na walipotengeneza video yao ya kwanza kabisa waliingiza vipande vya filamu hiyo. Inaanza kwa gitaa laini kiasi kwamba mtu asiyependa metali atakaa asikilize. Kisha inageuka kidogokidogo, halafu zile ngoma za miguu zinaanza kufyatua pamoja na gitaa, ta-ta-ta-ta, kavu, bila nyama yoyote.

Bila nyama. Na hapo, kwa mara ya kwanza, nilijiuliza kama ukavu huo si sehemu ya dawa. Ukiwekea "One" besi nene ya kukubembeleza tumboni, je, yule askari atabaki peke yake vile? Albamu nzima ina ubaridi wa chumba cha mahakama: sheria inayouzwa, watu wanaowekwa kwenye orodha nyeusi, dunia iliyoungua. Nikafuta mbili nikaandika nne na nusu.

Kisha nikatafuta zile nakala ambazo mashabiki wamepandisha besi wenyewe na kuzisambaza. Nikaweka "Blackened", wimbo ambao Newsted alishiriki kuutunga. Jamani. Yupo! Anapiga kwa kipiki, kile kipande kigumu cha kukwaruzia nyuzi, kila noti ina makali, anakimbia sambamba na gitaa la Hetfield bila kuteleza, na wimbo unapata kifua ambacho haukuwahi kuwa nacho. Kumbe haikuwa kavu kwa sababu ya sanaa. Ilikuwa na mtu mzima ndani yake, na akafungiwa nje. Newsted mwenyewe amesema aliposikia mikisi ya mwisho aliumia sana, na aliendelea nao mpaka 2001.

Kwa hiyo nyota ni tatu, na zote tatu ni za nyimbo. Remasta hii haipati hata moja kutoka kwangu, si kwa sababu imefanywa vibaya, gitaa zinang'aa kweli, ila imeuzwa kwa watu wanaosubiri kitu ambacho hakimo ndani yake. Kama una nakala ya zamani, baki nayo. Kama huna, nunua yoyote ya bei rahisi uanze na "One" usiku, halafu "Dyers Eve". Na kama bendi itafungua zile kanda siku moja, nitalipa tena, bei yoyote.