Shelfu ya santuri niliyotengenezewa Mwanjelwa: uzoefu wangu

Nina santuri kubwa zipatazo mia saba, na zile ndogo za arobaini na tano (mizunguko 45 kwa dakika) zinakaribia mia tano. Nyingi ni za baba, aliyekuwa mfanyakazi wa TAZARA, ndiyo maana kuna fungu zima la muziki wa Zambia lililoingia Mbeya kwa treni. Zote zilikuwa kwenye maboksi chini ya vitanda. Ukitaka kumsikia Mbaraka Mwinshehe akiwa na Morogoro Jazz, unavuta boksi moja baada ya jingine mpaka hamu inakwisha.

Shelfu za dukani niliziangalia, nikaziacha. Ubao wa mita moja ukijaa santuri kubwa unabeba kilo 50 na zaidi, na MDF nyembamba, ile bodi ya unga wa mbao uliogandamizwa, haistahimili uzito huo, inapinda katikati. Nikaenda kwa fundi seremala Mwanjelwa, hapahapa Mbeya, nikiwa na santuri moja kwapani ili apime kitu chenyewe. Nawasihi wote mfanye hivyo. Jalada la santuri kubwa lina sentimita 31 na ushee kila upande, ilhali ubao wa inchi 12 hauzidi sentimita 30 na nusu. Ukimwambia fundi "nitengenezee ya inchi 12" kwa mdomo tu, majalada yatachungulia nje na kona zitalika kwa kusuguliwa na kila apitaye.

Tulikubaliana fremu iwe ya mbao za paina za Mafinga, na vyumba vyake viwe vya marini bodi (plaiwudi ngumu) ya milimita 18. Viko vyumba 12, kila kimoja sentimita 35 kwa 35, na kina cha ndani sentimita 33. Chumba kimoja kinameza santuri 70 hivi bila kubanana, na hapo tayari ni kilo 15 au zaidi. Hivi vyumba ndivyo roho ya kazi yote. Santuri lazima isimame wima. Ukizilaza kwa rundo, za chini zinakandamizwa mpaka duara la sahani linajichora kwenye jalada, na ukiziacha zimeegemea upande kwa miezi, zinapinda na sindano inaanza kuyumba. Chumba kikiwa chembamba, zinashikana zenyewe.

Mambo mawili niliyasisitiza kwa sababu ya hali ya hewa yetu. Miguu iinuke sentimita 10 kutoka sakafuni, maji ya kudekia yasifike. Na mgongo ubaki wazi, uwe na taruma mbili tu za kuishikilia, kisha shelfu isigusane na ukuta. Mvua za Mbeya zinaanza Novemba na kwenda mpaka Aprili au Mei, na ukuta wa nje unapolowa, majalada ya karatasi yanaota kuvu. Msimu mzima wa mvua umepita na sijaona hata doa moja jipya. Nimefurahi mno.

Kasoro zipo. Kazi ilichelewa sana kuliko ahadi, lakini hilo nalisamehe. Zito zaidi ni kwamba mbao za fremu hazikuwa zimekauka vizuri. Kiangazi kilipokolea zikasinyaa, na upande mmoja ukaachia ufa kati ya fremu na bodi. Fundi aliitika mara moja, akaja na engo za chuma na skrubu, akakaza, na tangu hapo haijacheza. Harufu ya vanishi nayo ni kali. Iacheni shelfu barazani mpaka harufu iishe kabisa ndipo mpange kitu.

Kupanga kwenyewe kulinipa raha kuliko nilivyotarajia. Sikufuata alfabeti. Nimepanga kwa bendi, na bendi iliyobadili jina inakaa chumba kimoja: NUTA Jazz, JUWATA, OTTU, mpaka Msondo Ngoma, mfululizo, maana ni ukoo uleule wa muziki. Ukizitenganisha kwa herufi unakata historia vipande. Zambia ina vyumba vyake viwili. Kongo ina vitatu, na OK Jazz peke yao wamejaza kimoja.

Orodha naiweka kwenye Discogs, tovuti ya kuorodhesha santuri ambayo ni bure na imekuwepo tangu mwaka 2000, na sasa ina programu ya simu. Programu hiyo inaweza kusoma msimbopau kwa kamera ya simu, lakini santuri za miaka ya 60 na 70 hazina msimbopau, kwa hiyo naandika namba ya toleo iliyo kwenye lebo. Namba ikiwa imefutika, geuza santuri kwenye mwanga: karibu na lebo, pale mifereji inapoishia, kuna herufi na namba zilizochongwa kwenye plastiki yenyewe. Hizo hazifutiki. Zimenisaidia sana kwa zile ndogo zilizotolewa Nairobi, ambako muziki wetu mwingi ulichapwa, kwa kuwa nyingi hazina mwaka popote. Santuri isipokuwepo kabisa kwenye Discogs, unaiingiza mwenyewe pamoja na picha, na mpenzi mwingine popote alipo anaikuta. Pia orodha nzima unaweza kuipakua kama faili. Fanyeni hivyo, simu huibiwa.

Bahasha za nailoni za ndani sikuzipata mjini, niliagiza Dar zikaja kwa basi.

Shelfu imenigharimu shilingi 420,000, pamoja na vanishi na kirikuu cha kuileta nyumbani, mtaa wa Forest. Si hela ndogo, lakini nikiona mwanangu anatoa santuri ya babu yake na kuirudisha chumba kilekile bila kuniuliza, sijutii hata senti. Nimeshaagiza ya pili kwa fundi huyohuyo, ya santuri ndogo, vyumba vya sentimita 20. Safari hii mbao nimekwenda kuchagua mwenyewe, zile zilizokaa kwenye upepo muda mrefu, na sehemu ya malipo nitaimalizia kiangazi kikishapita juu yake.