Mwanakupona au Al-Inkishafi: utendi (shairi refu la mawaidha) upi umfunze kijana dini na maadili?

Kwa wepesi, Utendi wa Mwanakupona (1858) unashinda. Mama aliyeugua mwaka mzima anamwita bintiye aje na wino na karatasi, amuusie kumcha Mungu, adabu na kauli njema. Mafunzo yake ya kumtii mume yanahitaji mazungumzo ya wazi, usiyaruke.

Al-Inkishafi ni mzito, unataka mwalimu anayekijua vizuri Kiamu, lahaja ya Kiswahili ya Lamu. Lakini kwa kuutikisa moyo, sijaona mfano wake: majumba ya matajiri wa Pate, kisiwa jirani na Lamu, yamekuwa magofu, na katika madaka (vishubaka vya ukutani) yaliyopangwa sahani sasa wanalala makinda ya ndege.

Kukariri, tendi zote mbili zinakaririka. Binti anayekaribia kuolewa aanze na Mwanakupona, mama akiwa karibu. Kijana aliyelewa mali, msomee Al-Inkishafi.