Muuza CD aliyenidhulumu God of War ya pili

"Kwani wewe unanunua gemu au unanunua filamu?"

Hayo niliambiwa dukani, hapa hapa Tanga mjini, miaka mingi imepita, mbele ya wateja watatu wanne, na mpaka leo nikiyakumbuka masikio yanawaka moto. Nilikuwa nimerudisha CD ya God of War ya pili, gemu ya PlayStation. Sikudai hela yangu. Niliomba anibadilishie tu, kwa sababu kila hadithi ilipotaka kusimuliwa kioo kilikuwa cheusi sekunde mbili tatu, halafu najikuta mahali pengine, sijui nimefikaje. Yule bwana hakuiweka hata kwenye mashine. Aliishika kwa ncha za vidole kama noti iliyochanika, akaigeuza upande wa chini, akanirudishia, akasema hayo maneno, kisha akamgeukia mteja mwingine. Watu wakacheka. Nikanywea, nikapanda baiskeli yangu nikarudi nyumbani na CD yangu imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito "GOD WAR 2".

Nilidhani hasira hizo zilishakufa. Zimefufuka juzi juzi tu, baada ya mpwa wangu kuja na PS3 ya mtumba kutoka Dar. Ndani yake mlikuwa na God of War zote mbili, ya 2005 na ya 2007, zile zilizosafishwa picha zikatolewa upya mwaka 2009. Akaniambia, "Mjomba, si ulisema wewe ndiye mwalimu wa hizi?" Nikacheza zote mbili mfululizo, usiku, watoto wakishalala. Na nilipofika sehemu fulani ya ile ya pili, niliweka pedi chini nikakaa kimya. Nitaeleza.

Ya kwanza niliicheza Makorora, kwenye kibanda cha gemu, TV ya chogo mbili, PS2 mbili, feni moja iliyokuwa inamwelekea mwenye kibanda peke yake. Kijiti cha kushoto cha pedi kilishatoka raba, tumekizungushia plasta. Adhana ikilia, mwenye kibanda anazima sauti, tunacheza kimyakimya mpaka iishe. CD yake ilikuwa nzima. Sikujua wakati ule kwamba hilo ni jambo la kushukuru.

Kiingereza chetu kilikuwa cha kuokoteza. Lakini nilikuwa na rafiki, tulikaa dawati moja shuleni, yeye alikuwa anakisikia vizuri. Katika gemu ile kuna sauti ya mwanamke anayesimulia, sauti nzito, ya mtu mzima, haonekani sura. Sisi tulimwita Bibi. Bibi akianza kusema, kibanda kizima kinamgeukia rafiki yangu: "Bibi anasemaje?" Naye anatafsiri. Bibi anasema Kratos, yule askari wa Sparta tunayemchezesha, amejitupa kutoka kwenye mlima mrefu kuliko yote Ugiriki. Bibi anasema turudi nyuma wiki tatu. Bibi anasema ule weupe wa ngozi yake si rangi, ni majivu ya mkewe na binti yake, ambao aliwaua kwa mkono wake mwenyewe kwa hila ya Ares, mungu wa vita, na majivu yale hayatamtoka maisha.

Tulikuwa watoto lakini tulielewa. Mtu anatembea amevaa wafu wake. Ukijua hilo, kila panga analorusha lina uzito mwingine.

Na pale mwishoni, wakati wa kupigana na Ares, gemu ile inafanya kitu ambacho sijakiona tena mahali popote. Ares anakupeleka ndani ya kumbukumbu yako, nyumba ile ile, mke na mtoto wako hai mbele yako. Kisha wanakuja Kratos wengi, sura yako, mapanga yako, wanataka kuwaua, na wewe ndiye wa kuwakinga. Wakiumia, unawakumbatia, na kwa kuwakumbatia unawapa uhai wako, wako unapungua. Kitufe cha kuua ni kile kile ulichokizoea, ila hapa pana kitendo cha kukumbatia. Jamaa mmoja pale kibandani, mkubwa kuliko sisi, mbeba mizigo sokoni, alipofika hapo akawa anakumbatia tu, hapigani. Akafa mara tatu. Hakuna aliyemcheka. Halafu ukishinda, miungu wanasema dhambi zako zimesamehewa, lakini ndoto mbaya hawatakuondolea. Walimwahidi msamaha, hawakumwahidi usahaulifu. Ndiyo maana alijitupa.

Sasa mtu umetoka hapo, umesubiri ya pili, umedunduliza, umenunua ya kwako uicheze nyumbani kwenye mashine ya kuazima, na unakutana na nini? Unaanza vizuri kabisa, Kratos sasa ni mungu wa vita, anaivamia Rhodes, lile sanamu la shaba linapata uhai na kukufukuza mji mzima. Sanamu hilo peke yake linatosha kuwa gemu. Ukimaliza, mkono wake unamwangukia Kratos, anatambaa kuutafuta upanga, hana nguvu. Giza. Halafu yuko chini ya ardhi, anapanda kuelekea juu. Nani kamuua? Kwa nini? Mbona yuko huku? Nikasema basi, nimepitwa na kitu. Nikasonga mbele. Giza tena. Nimepanda farasi mwenye mabawa, katoka wapi? Giza. Jitu linene lenye nyundo, juu ya farasi, linanichukia kama nimeoa dada yake. Mimi na wewe tumekosana wapi, bwana? Giza.

Nilimaliza gemu ile namna hiyo. Kidole gumba kilitoka malengelenge kwa kubonyeza kile kitufe cha duara, na moyoni sikuwa na kitu. Nikatangaza pale barazani kwetu Ngamiani kwamba ya kwanza ni hadithi na ya pili ni kelele. Walioingia madarakani wamesahau machozi yao, nikasema, ndiyo hayo ya Kratos. Nilikuwa na hoja. Nilisema ya kwanza ina mabosi, yaani maadui wakubwa, watatu tu, nyoka wa baharini, yule mlinzi wa hekalu la Pandora na Ares, na kila mmoja unamkumbuka. Ya pili inakumwagia mabosi kama dagaa.

Rafiki yangu alikuwa ameshahamia Mombasa kwa wajomba zake. Alikuja likizo. Tukakaa barazani, kahawa, kashata, nikamwaga hoja zangu. Akanitazama, akasema, "Wewe umeicheza kweli? Si umesikia Bibi ni nani?" Nikamwambia Bibi ni msimuliaji. Akasema, "Bibi ni Gaia. Dunia yenyewe. Anajitaja jina. Alikuwa anamwangalia Kratos tangu ile ya kwanza."

Nikamwambia ni mwongo. Si kwa utani. Nilisema nimemaliza gemu ile mwanzo mpaka mwisho na hakuna mahali Bibi anajitaja jina, na kwamba Mombasa imemfundisha kudanganya watu. Nilisema hivyo mbele ya watu. Aliinuka akaaga. Likizo ile hakupita tena kwetu.

Basi juzi, usiku, kwenye PS3 ya mpwa wangu, Kratos anatambaa kuutafuta upanga. Giza halikuja. Alikuja Zeus, mfalme wa miungu. Ndiye aliyemnyang'anya nguvu, ndiye aliyemtega azimimine zilizobaki ndani ya upanga ule, na sasa anamtaka apige magoti amtumikie milele. Kratos anakataa. Zeus anamchoma kwa upanga wenye nguvu zake mwenyewe, na askari wa Sparta waliomfuata wanafyekwa wote pale pale. Mikono inatoka ardhini, inamvuta kwenda kuzimu. Na katika kule kuvutwa, ile sauti. Sauti ile ile ya kibandani Makorora. Haimsimulii tena. Inazungumza naye. Inamwambia mimi ni Gaia.

Nikaweka pedi chini.

Sijui kama mtu ambaye hakukaa kwenye kibanda kile anaweza kuelewa. Gemu nzima ya kwanza umeelezwa habari na mtu usiyemwona, ukamwona ni wa nje, kazi yake kusema tu. Kumbe yumo. Kumbe ana deni lake na Zeus, tangu alipomlea kwa siri ili baba yake Cronos asimmeze kama alivyowameza ndugu zake, na Zeus akaja kuwageuka Watitani wote, yale majitu ya kale ambayo Gaia ni mmoja wao. Bibi alikuwa anasubiri mtu mwenye hasira za kutosha. Walioandika ile ya pili waliichukua ya kwanza wakaifungua kwa ndani, bila kubomoa hata tofali moja. Na mimi niliuziwa gemu iliyokatwa video zake za hadithi, iliyotolewa moyo, nikaambiwa kwani nataka filamu!

Na lile jitu lenye nyundo? Ndiye mfalme yule wa ile ya kwanza, aliyekuwa amekaribia kumuua Kratos vitani mpaka Kratos akamlilia Ares amwokoe. Mwanzo wa balaa lote ni nyundo ile. Mimi niliipiga na kuipita nikidhani ni mnyapara tu wa njiani.

Kuna jingine ambalo bila video huliunganishi. Katika ya kwanza, ndani ya hekalu la Pandora, kuna askari kafungiwa kwenye tundu la chuma, na unalazimika kulisukuma juu ya mteremko mpaka kwenye moto. Njia nzima anakusihi usimuue. Katika ya pili yuko Prometheus, amefungwa, ndege anamla kila siku, na yeye anakusihi umuue. Unamwangusha motoni. Moto mmoja, mikono ile ile. Mmoja anaukimbia na mwingine anauomba. Nimelifikiria hilo siku tatu kazini.

Kwa hiyo nimebadilika? Ndiyo, nimebadilika. Ya pili ni bora. Mapigano yake ni mazito na mepesi kwa pamoja, yale mabawa ya Icarus ya kuelea hewani, ile hirizi ya kupunguza mwendo wa wakati, na hamna upuuzi kama zile nguzo za visu zinazozunguka kule kuzimu katika ya kwanza, ambazo zilitumalizia hela za daftari. Nikisema ya kwanza haina dosari nitakuwa mwongo. Pale kuzimu palikuwa ni uonevu.

Ila tena nikiifikiria ile ya kukumbatia, nasita. Ya pili haina mahali kama pale. Athena, mungu wa kike, anaruka mbele ya upanga uliokusudiwa Zeus, anakufa, na anasema kwamba Zeus ndiye baba yake Kratos. Nilishtuka, lakini sikuumia. Na jinsi inavyoisha! Kratos amerudi nyuma kwenye wakati, amewaleta Watitani, wanapanda mlima Olympus, yeye yuko juu ya mgongo wa Gaia, anamwita Zeus kwamba mwanao amekuja. Basi. Imekatika hapo. Safari hii si muuza CD, ndivyo ilivyotengenezwa. Iliyofuata ilitoka 2010, na ilitaka PS3, mashine ambayo sikuwa nimemwona mtu nayo hapa mtaani. Ya kwanza inakupa mtu mzima, mwanzo na mwisho wake. Ya pili inakuacha mlangoni.

Nikilazimishwa kuchagua leo, nachagua ya pili. Jana ningesema ya kwanza. Sitaki kudanganya.

Kilichonikaa rohoni ni kwamba hukumu yangu ya miaka yote haikuwa yangu. Alinitengenezea mtu aliyetaka CD yake iwe nyepesi, akachakachua, na nilipolalamika alijua fika ninachosema. Alijua! Ndiyo maana hakuiweka kwenye mashine. Angesema tu, "Kaka, hii ni ya kukatwa, nzima bei yake ni nyingine," ningeongeza, au ningesubiri nidundulize. Juzi nilipita pale dukani. Siku hizi wanauza makava ya simu na chaji. Yupo, ana mvi, alinikaribisha vizuri. Nikamuuliza kama anakumbuka alivyokuwa akiuza CD za gemu. Akacheka, akasema zamani hizo, biashara ilikuwa nzuri. Nikataka kusema, nikashindwa. Nikanunua chaji ambayo sikuihitaji.

Usiku ule nilimtumia rafiki yangu sauti kwa WhatsApp. Nilirekodi mara tano. Ile niliyotuma haikuwa ndefu: nimemsikia Bibi, amejitaja jina, nisamehe kwa maneno ya barazani. Akakaa kimya siku nzima. Kesho yake akajibu, naye kwa sauti, nikasikia watoto nyuma yake na matatu inapiga honi. "Wewe ndio umefika leo hapo?" akasema. "Haya, cheza ya tatu, halafu uniambie kama bado unampenda huyo Bibi."

Nimeanza kuitafuta. Mpwa wangu kapata mtu anaiuza, barabara ya 12. Nimemwambia tutakwenda wote, na kabla sijatoa hela iwekwe kwenye mashine nione video ya mwanzo mpaka iishe.