Thunderbird mpya, GB 10 zangu na fundi wa hapa Arusha

"Dada, nunua bando kubwa." Hilo ndilo jibu la fundi kompyuta mmoja karibu na Mnara wa Saa, na hela ya kuweka Thunderbird, programu ya barua pepe, kwenye laptopu ya ofisi alishapokea. Hata macho hakuyatoa kwenye simu yake. GB 10 zimekwisha kabla ya chakula cha mchana, wageni wa Serengeti hawajajibiwa hata mmoja.

Tatizo liko hivi. Ukiongeza akaunti ya IMAP (ile ambayo barua zinakaa kwenye seva, yaani kompyuta ya mtoa huduma, na laptopu inazisoma kutoka huko), Thunderbird inashusha barua za folda zote pamoja na viambatisho, ili uzisome hata mtandao ukikatika. Mwenye faiba hata hatajua. Sisi wa hotspoti ya simu, wenye sanduku lililojaa PDF za ratiba na skani za pasipoti, tumekwisha.

Dawa yake ni dakika mbili, na hapo ndipo hasira inaponipanda. Akaunti ikishakubali tu, zima hotspoti. Fungua Account Settings, chini ya jina la akaunti bofya Synchronization & Storage, toa tiki ya "Keep messages in all folders". Kuanzia hapo vinashuka vichwa vya barua tu, barua yenyewe inakuja ukiifungua. Kama unaingia porini na unataka kusoma huko, iache tiki lakini chagua siku 30 za karibuni, au bofya Advanced ubakize Inbox peke yake. Ndipo uwashe hotspoti.

Ukurasa huohuo, chini kidogo, kuna "Delete messages more than" siku kadhaa. Usiiguse! Hiyo haipunguzi mzigo wa laptopu tu, inafuta na kule kwenye seva. Na zile zilizokwisha kushuka haziondoki kwa kutoa tiki: bofya folda kwa kitufe cha kulia, ingia Properties, kisha Repair Folder. Usizifute kwa mkono ukidhani unapata nafasi, maana kwenye IMAP ukifuta hapa umefuta kote.

Mwonekano wa kadi uliokuja na toleo la 115 mwaka 2023 sikuupenda, barua moja inakula mistari miwili. Alama iliyo juu ya orodha inakurudisha kwenye jedwali.

Nilikuja hapa kuipa Thunderbird nyota moja. Halafu nikakumbuka Export for Mobile: menyu ya Tools, inatokea QR, unaiskani kwa Thunderbird ya Android (ipo tangu Oktoba 2024), akaunti zote zimehamia simuni bila kuchapa jina la seva hata moja. Safi sana, nyota nne. Lakini ngoja: ya simu inashusha barua chache za karibuni, na iliyo nzito inasubiri uiombe. Jina moja, ya simuni inabana bando, ya mezani inalimwaga! Basi tatu.

Fundi hapati kitu. Ukimpelekea laptopu, kaa pembeni yake, na kama hajaitoa ile tiki, usilipe.