Besdei ya mtoto: chekechea au nyumbani?

Mtoto akianza chekechea Januari, swali la besdei halikawii. Kwa gharama, shule inashinda: keki moja, pipi, juisi za pakiti, basi. Nyumbani ukialika watoto kumi wanakuja na mama zao, shangazi zao na jirani asiyealikwa, na hao hawashibi pipi. Wanataka pilau.

Wageni wa shuleni hawachelewi, wameshaitwa na kengele. Nyumbani umetangaza saa nane, wa kwanza anapiga hodi saa kumi. Lakini aliyezaliwa katikati ya Desemba hana ujanja, shule zimefungwa; huyo ni wa nyumbani, apende asipende.

Usafi? Shule, bila ubishi. Nyumbani krimu ya keki utaikuta kwenye rimoti, na ile desturi yetu ya kummwagia maji mwenye siku yake huishia kwenye makochi.

Ila bibi hasomi chekechea. Kama yuko karibu na anasubiri kulishwa keki na mjukuu, bandika sufuria. Kama kazini hupewi ruhusa na sebule ndiyo chumba cha kulala, uliza kwanza kama shule inaruhusu, kisha mkabidhi mwalimu keki asubuhi, ikiwa imeshakatwa vipande.