Ulipie Nini Ili Utazame Tamthilia na Filamu Nzuri Dodoma: Mpangilio Wangu, Kuanzia King'amuzi Hadi Flashi

Anayeingia dukani kununua king'amuzi huelezwa kwanza idadi ya chaneli, na hapo ndipo fedha inapoanza kupotea, kwa sababu hakuna familia inayotazama chaneli themanini. Kinachotazamwa kwa kweli ni tamthilia mbili au tatu ambazo nyumba nzima inazifuatilia baada ya taarifa ya habari, pamoja na filamu moja au mbili za mwisho wa wiki. Kwa hiyo mpangilio huu unatumia kigezo kimoja tu: kila njia ya kulipia inakupa hadithi gani, na je, hadithi hizo zinastahili jioni zako? Bei ya kifurushi iulize siku unayonunua, kwa kuwa kampuni zote huibadilisha.

Nafasi ya kwanza naipa Azam TV, hasa kwa familia yenye watu wa rika tofauti chini ya dari moja. Sababu yangu ni chaneli mbili. Sinema Zetu inarusha filamu na tamthilia za nyumbani, na Azam Two ndiyo iliyowazoesha Watanzania wengi tamthilia za Kituruki zilizoingizwa sauti za Kiswahili. Wengi watakumbuka jinsi "Sultan", hadithi ya Sultani Suleiman na Hurrem, ilivyokuwa gumzo la sokoni na saluni. Ukiacha mavazi na majumba ya kifalme, sifa kubwa ya kazi ile ilikuwa Kiswahili chake: kila mhusika alikuwa na namna yake ya kusema, mjakazi hakuzungumza kama waziri, na mama aliyekuwa jikoni aliweza kuifuatilia kwa masikio tu. Tamthilia za Kituruki zina kasoro yake, nayo ni kurefusha: mtu anaangaliana na adui yake kwa muda mrefu huku muziki ukipigwa, na kipande kinakwisha bila jambo lolote kusogea. Hata hivyo bibi na mjukuu wanaweza kuitazama pamoja bila mmoja kulazimika kutoka sebuleni, na kwa sebule nyingi za Dodoma hilo lina thamani kuliko picha ang'avu.

Ya pili ni DStv, na kwa mpenzi wa tamthilia sababu ya kuinunua ni Maisha Magic Bongo. Huko ndiko zilikorushwa "Huba" na "Jua Kali", kazi ambazo kwa maoni yangu ziliinua kiwango cha tamthilia ya Tanzania katika mambo mawili: taa na mazungumzo. Nyuso zinaonekana usiku, sauti haimezwi na upepo, na wahusika wanawake wana tamaa, hila na akili zao wenyewe badala ya kulia tu. Udhaifu wake nausema waziwazi kwa sababu nazipenda. Siri moja, mathalani ya mtoto asiye wa baba anayemlea, inaweza kuburuzwa wiki baada ya wiki kwa sababu kila anayetaka kuisema anakatizwa na simu au mlango. Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba hadithi nyingi zinaanza na kuishia Dar es Salaam, katika nyumba za ghorofa zenye mageti meusi, kana kwamba hakuna mapenzi, mirathi wala ugomvi wa mashamba Kongwa, Bahi au Kondoa. Mji huu umepokea maelfu ya watumishi tangu serikali ilipoanza kuhamia kwa kasi baada ya mwaka 2016. Familia zimegawanyika kati ya Dar na Dodoma, wapangaji na wenye nyumba wanajifunza kuishi pamoja, mwanafunzi wa UDOM anapanga chumba jirani na afisa wa wizara. Hiyo ni tamthilia kamili inayosubiri mwandishi.

StarTimes inashika nafasi ya tatu kwa jumla, ila kwa mpangaji anayehamahama ningeipandisha hadi ya kwanza. Inauza king'amuzi cha antena mbali na kile cha dishi, na antena unaihamisha mwenyewe kutoka Nkuhungu hadi Kisasa bila kumlipa fundi. Pia imekuwa na vifurushi vya siku na vya wiki, jambo linalomfaa mtu asiye na mshahara wa mwezi. Jiridhishe kwanza kwamba jirani yako anapata mawimbi vizuri, maana antena inategemea mnara wa karibu, na vijiji vya Mpwapwa au Chamwino vilivyo nyuma ya vilima huhitaji dishi. Upande wa hadithi, nguvu yake ni tamthilia za Kichina kwa Kiswahili. Njia hiyo ilifunguliwa mwaka 2011 na "Doudou na Mama Wakwe Zake" iliyorushwa TBC, na ambayo Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake jijini Dar es Salaam mwaka 2013. Ilipendwa kwa sababu ugomvi wa mke na mama mkwe tunaujua sote. Nyingi zilizoifuata nimeziona baridi: sauti zinasoma maneno badala ya kuyaigiza.

Kwa yeyote atakayenunua dishi, la kampuni yoyote, lipo neno moja kuhusu mji wetu. Mvua hukata mawimbi, lakini Dodoma mvua ni ya miezi michache, kati ya Desemba na Aprili, na haizidi sana milimita 570 kwa mwaka. Adui mkubwa ni upepo wa kiangazi, ambao husogeza dishi kidogo kidogo hadi chaneli zinaanza kukwamakwama, na mwenye nyumba anadhani king'amuzi kimeharibika. Mwambie fundi afunge kwa bolti kwenye ukuta wa tofali, asiridhike na bomba lililochomekwa ardhini.

Nafasi ya nne ni Netflix kwa bando la simu. Naiweka hapa kwa sababu ya familia; kwa mwanafunzi au mtu anayeishi peke yake na anayefuata Kiingereza bila shida, inaweza kuwa ya kwanza. Hesabu ifanye kabla ya kulipa. Kwa takwimu za Netflix yenyewe, kiwango cha chini cha picha kinakula takriban GB 0.3 kwa saa, cha kati GB 0.7, na picha ang'avu hadi GB 3. Chukua "Adolescence" ya mwaka 2025, tamthilia ya Uingereza kuhusu mvulana wa miaka 13 anayetuhumiwa kumuua msichana wa shuleni kwao. Ina vipande vinne tu, karibu saa nne kwa ujumla, na kila kipande kimepigwa kwa mkupuo mmoja bila kukata kamera. Kwa kiwango cha kati utaimaliza kwa bando lisilofika GB 3; kwa picha ang'avu utapita GB 11. Kwenye simu kiwango cha kati kinatosha kabisa, kwa sababu kinachokushika pale ni uso wa kijana Owen Cooper katika kipande cha tatu, chumbani na mwanasaikolojia, pale anapobadilika kutoka mtoto hadi kitu cha kutisha na kurudi tena. Mzazi yeyote mwenye kijana anayeshinda na simu aitazame.

Kinyume chake ni "Squid Game", tamthilia ya Korea Kusini kuhusu michezo ya kufa na kupona. Msimu wa kwanza wa 2021 ulikuwa na hoja: watu wenye madeni wanauza uhai wao kwa matajiri. Misimu miwili iliyofuata, wa Desemba 2024 na wa Juni 2025, inarudia michezo na vifo, na wahusika wapya wanakufa kabla hatujawajali. Bando lako liishie msimu wa kwanza. Kwa kazi za nyumbani, "Binti" ya Seko Shamte, hadithi nne za wanawake wa Dar es Salaam, iliingia Netflix, na ninaipenda kwa utulivu wake. Haimlazimishi mtazamaji kulia.

YouTube inafuata: vichekesho vingi na tamthilia fupi za Kiswahili, bure isipokuwa bando, ubora ukipanda na kushuka vibaya.

Ukumbi wa sinema wa Dar es Salaam ni anasa, ingawa treni ya SGR iliyoanza safari za Dodoma mwaka 2024 imeisogeza karibu. Nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa na LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, ilikuwa shilingi 31,000 kwenda tu, kwa hiyo usisafiri kwa ajili ya filamu peke yake. Ukiwa na shughuli huko, chagua filamu ambayo skrini ndogo inaipunja. Ningemtuma mtu kuiona "Vuta N'Kuvute" ya Amil Shivji, iliyooneshwa Toronto mwaka 2021 na kutokana na riwaya ya Adam Shafi, popote itakapooneshwa tena, kwa sababu rangi za Zanzibar ya miaka ya 1950 zimepangwa humo kwa upendo mkubwa, ingawa siasa ya Denge, mhusika anayepigania uhuru, imepewa nafasi ndogo kuliko riwayani.

Mwisho kabisa ni flashi ya kujaziwa muvi kibandani. Ni rahisi kuliko zote, na zile zilizotafsiriwa zina utamu wake. Marehemu Lufufu, aliyekuwa akitafsiri muvi kwa sauti yake, aliifanya kazi hiyo kuwa sanaa. Lakini aliyetunga hapati hata senti, jambo ambalo Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inalikataza, na mara nyingi unapewa nakala iliyorekodiwa ukumbini, vichwa vya watu vikipita mbele ya picha. Ukiwa na fedha ya kujaza flashi kila wiki, ijumlishe ya mwezi mzima kisha uilinganishe na kifurushi kidogo cha king'amuzi kabla ya kurudi kibandani.