Nililipa kiingilio, nikaoneshwa filamu bubu

Ule ukumbi sirudi tena, na yeyote atakayeniuliza nitamwambia asipoteze nauli yake. Juzikati walionesha The World Before Her, filamu ya Nisha Pahuja ya mwaka 2012, ya watu na maisha halisi, si ya kuigiza, kuhusu wasichana wa India. Wengine wako Mumbai wanaandaliwa kushindania taji la Miss India, wengine wako kambi ya Durga Vahini, tawi la wanawake la Vishva Hindu Parishad, jumuiya ya Wahindu wenye msimamo mkali wa dini na utaifa, wanafundishwa kushika bunduki na kupambana na umagharibi. Niliisubiri kwa hamu, na kiingilio nililipa bila kunung'unika.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Tukamwona mrembo akichomwa sindano kidevuni ili uso wake ukae kwa vipimo wanavyovitaka wenye shindano. Tukawaona wasichana wamefunikwa nguo nyeupe kichwani, wanatembezwa ili miguu yao tu ndiyo ipimwe. Ukumbi mzima kimya. Tulipofika kwa Prachi, binti anayewafundisha wenzake kambini, spika zikakata.

Nikasubiri, nikachoka, nikatoka kumtafuta kijana wa mitambo. Nikamkuta kainamia simu.

"Kaka, samahani, sauti imekata."

Hata macho hakuinua. "Dada, kwani picha za Kihindi huwa unaelewa wanachosema? Angalia tu."

Angalia tu! Nimelipa, nimemsemesha kwa adabu, halafu ananijibu kama nimemwomba hela ya daladala. Nikarudi ndani moyo unanienda mbio, nikakuta watu wanacheka. Wanamcheka Prachi! Bila sauti, kwao alikuwa msichana mkakamavu tu anayefoka na kuamrisha wenzake. Hapo ndipo hasira ilinipanda kweli, kwa sababu filamu hii imebebwa na maneno.

Siku chache baadaye niliitafuta nikaitazama nyumbani. Baba yake Prachi anasimulia, bila hata chembe ya aibu, jinsi alivyomchoma binti yake mguu kwa chuma cha moto alipokuwa mdogo, kisa alisema uongo. Na Prachi anamtetea! Anasema alizaliwa mtoto wa kike na baba akamwacha aishi, basi hilo linamtosha. Nilisimamisha filamu, nikakaa. Upande wa urembo nako kuna Pooja Chopra, Miss India wa 2009, ambaye mama yake alimwacha mume akaondoka na mabinti zake kwa sababu baba hakumtaka huyu mtoto wa pili wa kike. Mmoja yuko jukwaani, mwingine yuko kambini, na wote wawili wanaanzia kwenye swali lile lile la kuruhusiwa kuishi. Yule kijana wa mitambo alituibia hilo.

Nilikuwa nimeshaandika kwamba filamu yenyewe haifai. Nafuta. Ni nzuri sana, itazameni. Ila nayo imeniudhi mahali: yule baba anaachwa aongee huku anatabasamu, hakuna anayemkatiza wala kumuuliza swali gumu. Nilitaka mtu amkemee pale pale. Lakini nikifikiri tena, angekemewa angefunga mdomo, na tusingejua analolibeba yule binti anapopanga kutoolewa na kuitumikia harakati yake maisha yote, wakati baba anasisitiza ni lazima aolewe. Kwa hiyo hata hapo sina uhakika kama nimekasirikia filamu au nimemkasirikia yeye.

Kwa ukumbi sibadilishi neno. Hela yangu siidai tena. Ninachodai ni waioneshe upya sehemu ya Prachi, sauti ikiwa juu, na wale waliocheka wawepo.